Dondoo muhimu: Linda injini ya pikipiki kwenye njia mbovu

Kati ya Mto wa Mbu na Ziwa Natron, vumbi la majivu ya volkeno na makorongo yenye mawe huchosha injini kuliko umbali wenyewe.

1. Pima oili pikipiki ikiwa wima mahali tambarare. Ikiegemea stendi ya pembeni, kipimo hudanganya.
2. Weka oili ya pikipiki. Baadhi ya oili za gari huifanya klachi iteleze.
3. Safisha chujio la hewa kila jioni ya safari ya vumbi. La sponji lioshe kwa sabuni, likauke kabisa, kisha lipake oili kidogo. La karatasi usilioshe, libadilishe.
4. Usiondoe chujio hilo ili pikipiki "ivute" zaidi. Kosa hili ni la kawaida mno, na vumbi husaga ringi na silinda kama msasa.
5. Funga bamba la chuma chini ya injini. Jiwe moja laweza kuipasua na kumwaga oili yote.
6. Korongo likijaa, shuka upime kina kwa fimbo kwanza.
7. Injini ikizimika majini, usipige stata! Sukuma hadi pakavu, fungua plagi, mwaga maji, ukague chujio. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, ibadilishe kabla ya kuwasha.
8. Kwenye mchanga, tumia gia ndogo. Usiendeshe ukiwa umeshika klachi nusu.
9. Ondoa tope kwenye mapezi ya silinda, lakini usimwagie maji injini yenye moto.