SOMO LETU: KARANI WA UJENZI NI NANI?



Ukipita Kansanga, Kabalagala au Nsambya utaona majengo yakipanda kila upande. Huko kuna kontrakta, nyapara, waashi na vibarua. Lakini katika jengo kubwa kuna mtu mmoja zaidi asiyepokea amri kwa kontrakta. Yeye ni mwakilishi wa mwenye jengo. Wazee wa kazi humwita karani wa ujenzi. Leo tujifunze kazi hiyo, kwa maana aliyeanza na karai anaweza kuifikia.

Septemba 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, njia ya Entebbe, ilianguka ikaua watu 11. Mei 2020 jengo la ghorofa liliporomoka hapa hapa Kansanga, katika Divisheni yetu ya Makindye, likaua watu zaidi ya 10. Tajiri hupoteza fedha, kibarua hupoteza roho. Ndiyo sababu sisi wa chama tunaihesabu kazi hii kuwa yetu pia, ingawa mshahara wake hutoka kwa tajiri.

Karani hutembea na ramani, futi na daftari. Msingi ukichimbwa, hushuka mwenyewe shimoni kuona kina na ugumu wa udongo kabla zege halijamwagwa, kwa kuwa likisha mwagwa hakuna aonaye tena. Huhesabu nondo. Zege la 1:2:4, yaani saruji sanduku 1, mchanga 2 na kokoto 4, lipimwe kwa sanduku, si kwa kukisia na koleo. Na mwizi mkubwa ni maji. Zege la majimaji ni jepesi kumwaga (tusijidanganye, hata sisi tulilipenda), lakini likikauka huwa dhaifu. Kwa hiyo hujazwa katika kopo la chuma la kimo cha sentimeta 30, likashindiliwa, kisha kopo linanyanyuliwa. Zege likishuka kupita kiasi kilichowekwa, linakataliwa. Tena vipande vya majaribio huvunjwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Karani hana ruhusa ya kubadili ramani. Akiona kosa humwandikia injinia.

Kila jioni huandika daftarini: mvua ilinyesha saa ngapi, mifuko mingapi ya saruji ilitumika, watu wangapi walikuja, nani aliumia. Faida yake tuliiona katika shauri moja. Kontrakta alikataa kuwalipa vibarua wiki tatu, akidai walifika nusu tu. Wao hawakuwa na karatasi hata moja. Karani akafungua daftari lake: majina hayakuwemo, lakini hesabu ya vichwa ya kila siku ilikuwemo. Kontrakta akalipa. Karani yule hakuwa mwanachama, wala hakutupenda sana. Aliandika tu alichokiona.

Anayetaka njia hii aanze na ufundi wa mkono: uashi, useremala au kufunga nondo. Kisha afanye mtihani wa ufundi wa serikali, ambao hata aliyejifunza kazini huruhusiwa. Ajue kusoma ramani. Majengo makubwa hupewa wenye diploma, waliosoma mahali kama Kyambogo; asikudanganye mtu kwamba ujuzi wa mkono peke yake watosha. Na ndugu wa mashamba ya chai na miwa, msidhani hili haliwahusu: anayesimama kwenye mizani akakataa kuandika kilo ambazo hakuziona, ana nusu ya kazi hii tayari.

Jaribu kubwa ni bahasha.

Swali la kikundi: Ni saa kumi na moja jioni, mawingu yamejaa, shimo la msingi halijakaguliwa. Nyapara anasema, "Mzee, mvua inakuja, tumwage tu." Karani aandike nini, na kibarua mwenye toroli afanye nini? Jadilianeni, kisha katibu wa tawi alete majibu ofisini.