Wasifu wa rubani: msaada wa kulipia na mipaka yake

Kijana anayemaliza chuo cha urubani na leseni ya kibiashara, CPL, tayari ameigharimu familia fedha nyingi. Kuna ambao wazazi wao waliuza shamba, na kuna waliokopa. Kisha anakuta ajira ni chache na waombaji ni wengi. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, kama ilivyo Dar es Salaam na Arusha, marubani wenye saa mia mbili na ushee hupita ofisi moja hadi nyingine wakiacha wasifu mezani. Mtu aliye katika hali hiyo ni rahisi kumlipa yeyote anayemwahidi CV ya kumpatia kazi. Msaada mzuri upo na una thamani. Ila kazi ya msaidizi ni kuupanga ukweli wako, na mipaka ya kazi hiyo uijue kabla hujatoa pesa.

Msomaji anatafuta nini

Anayeajiri marubani haanzi na maelezo ya bidii na shauku. Anatafuta kwanza kama unatimiza masharti ya tangazo. Kwa hiyo nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza ibebe haya:

- Leseni: aina yake na mamlaka iliyoitoa, kama KCAA ya Kenya au TCAA ya Tanzania. Kama ulisomea Afrika Kusini au Marekani, eleza iwapo leseni imeshabadilishwa kuwa ya nyumbani.
- Idhini ulizonazo: kuruka kwa kutegemea vyombo, ndege za injini zaidi ya moja, na aina mahususi ya ndege uliyofuzu. Taja na toleo. Dash 8-300 na Dash 8-400 usiziache zote ziitwe Dash 8.
- Cheti cha afya cha daraja la kwanza na tarehe kinapokwisha.
- Kiwango cha Kiingereza kwa vipimo vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa safari za kimataifa ni cha 4. ICAO hushauri cha 4 kipimwe upya kila baada ya miaka 3, cha 5 kila baada ya miaka 6. Cha 6 hakirudiwi.
- Jumla ya saa za kuruka na tarehe uliyoruka mara ya mwisho.
- Nchi unazoruhusiwa kufanya kazi na siku unayoweza kuanza.

Mengine, yaani elimu, kazi nyingine na wadhamini, yafuate chini. Kurasa mbili zinatosha.

Jedwali la saa

Hapa ndipo waandishi wengi wa CV wasioijua fani huharibu. Tuseme una saa 214. Kati ya hizo, 104 uliruka kama rubani kiongozi na 110 ukiwa na mkufunzi, jumla inatimia. Saa 16 za usiku na 22 za injini mbili zimo ndani ya hizo 214, hivyo huonyeshwa kama mchanganuo, wala haziongezwi juu yake. Saa za simuleta huandikwa kwenye mstari wake. Asiyejua hilo hujumlisha kila namba anayoiona, na wewe ukaonekana umedanganya bila kukusudia.

Usikubali pia kukuziwa namba. Kipimo cha ICAO cha saa 1,500 kwa leseni ya juu, ATPL, huwavuta watu kuandika 1,500 wakati daftari linasema 1,460. Njia ya mwongo ni fupi, na kwenye urubani ni fupi zaidi kwa sababu kila namba ina daftari, cheti na mamlaka ya kuulizwa. Juni 2020, waziri wa anga wa Pakistan alitangaza bungeni kuwa marubani 262 kati ya 860 walikuwa na leseni zenye mashaka. Baadhi yao walisafishwa baadaye, lakini siku chache baada ya tangazo hilo shirika la ndege la taifa, PIA, lilisimamishwa kuruka kwenda Umoja wa Ulaya.

Umwendee nani

Anza na wasiokutoza: mkufunzi wako wa zamani, au rubani mzoefu aliyewahi kukaa kwenye jopo la usaili. Huyo atakuambia kipi kinakosekana kwa kampuni za safari za mbugani zinazorusha Cessna Caravan, na kipi kwa mashirika makubwa. Baada ya hapo, mwandishi wa kulipwa anaweza kunyoosha lugha, mpangilio na barua ya maombi. Manufaa yake huonekana zaidi unapoomba mashirika ya Ghuba na kwingineko yanayopokea maombi kwa mtandao, ambako mara nyingi programu huchambua faili kabla ya mtu kulisoma. Faili hilo lisiwe na mapambo wala safu mbilimbili.

Programu za akili unde nazo husaidia kusahihisha sentensi. Zisiachiwe namba, wala usiziwekee picha ya leseni au pasipoti.

Kabla ya kulipa, uliza:

- Umewahi kuandika wasifu wa rubani? Nionyeshe sampuli iliyofichwa majina.
- Saa za rubani kiongozi na za rubani msaidizi utazitenganishaje?
- Bei inajumuisha marekebisho mangapi, na nitapewa faili ninaloweza kulihariri mwenyewe?
- Taarifa zangu utazihifadhi wapi, na utazifuta lini?

Swali la mwisho lina nguvu ya sheria: Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya taarifa binafsi ya mwaka 2022.

Mkimbie anayefanya haya

Anaahidi kazi. Anadai ada ya kukuingiza kwenye orodha ya usaili. Anakuomba nakala ya pasipoti kabla hata ya kusoma CV yako. Anapendekeza kuongeza saa kidogo. Akijiita wakala wa ajira, hakiki usajili wake; nchini Kenya mawakala binafsi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Ukishaupokea

Kaa na daftari lako la saa upande mmoja na wasifu upande wa pili, ulinganishe namba moja baada ya nyingine. Hakiki tarehe, majina ya ndege na vyeo. Kama ulikuwa rubani msaidizi, iandikwe hivyo. Kama kati ya chuo na sasa umefanya kazi ya ofisi ya operesheni au kupakia mizigo, iache ionekane, kwani mwajiri anaona mtu aliyebaki karibu na ndege. Waombe ruhusa wadhamini kabla ya kuwataja. Na kila unapoongeza saa, sasisha jedwali mwenyewe. Usimlipe mtu kwa hilo.

Kisha mpe mwenzako karatasi, akuulize swali kwa kila mstari. Kwenye usaili mtu wa upande wa pili wa meza atakuwa na daftari lako mbele yake, na mwandishi uliyemlipa hatakuwepo kukujibia. Mstari unaokushinda kuueleza, ufute au urekebishe kabla ya kutuma.