MIZANI, DAFTARI NA SIMU: VIONGOZI WA CHAMA WAVITUMIEJE?

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni la viongozi wa biashara. Usicheke. Mwenyekiti wa chama cha ushirika cha msingi, yaani AMCOS, ni kiongozi wa biashara. Mwenye mashine ya kusaga pale Laela naye ni kiongozi wa biashara. Vivyo hivyo mama anayeshika sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa kule Matai. Na wewe ambaye huongozi kitu, usiliruke somo hili. Mahindi yanayopimwa ni yako.

Siku hizi tunasikia sana neno teknolojia. Wengi wakilisikia hufikiri kompyuta tu. Sivyo. Mizani ni teknolojia. Kalamu na daftari ni teknolojia. Simu ya tochi mfukoni mwako ni teknolojia. Tena tunasikia neno data. Data ni habari zilizoandikwa ili zitumike: kilo, tarehe, bei, jina, namba ya simu.

Sisi wa Ufipa teknolojia si ngeni kwetu. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, yale malungu. Mpaka leo ukitembea porini huku juu utayakuta mengine yamesimama. Fundi mkuu alijua udongo upi unafaa, mawe yapi yana chuma na moto uwake muda gani. Ujuzi huo alikaa nao kichwani, na dawa zake kikapuni. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipojaa wakati wa ukoloni, kazi ikafa. Mafundi wakafa pia. Tanuri tunalo, lakini ni nani leo atakuambia hatua zote za kuliwasha?

Sasa tazama chama chako. Je, nani anajua deni la kila mwanachama? Kama jibu ni "katibu anajua", basi chama hicho kina fundi wa malungu. Siku katibu akiugua, au akihamia Mpanda, hesabu zote zimeondoka naye.

Tuanze na mizani. Mahali pengi mahindi hununuliwa kwa gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu. Hebu tufanye hesabu. Mkulima ameuza magunia 30. Kila gunia lina kilo 120, lakini amelipwa kama kilo 100. Kilo 20 mara 30 ni kilo 600. Tuseme bei ni shilingi 500 kwa kilo. Amepoteza shilingi 300,000, na hakuna mwizi aliyevunja mlango. Hiyo ni hela ya mbolea, jamani.

Mizani huzuia jambo hilo, lakini ikiwa sahihi tu. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani ya biashara kila mwaka na kuigonga muhuri. Mwanachama ana haki ya kuuliza, "Muhuri wa mwaka huu uko wapi?" Kiongozi mwema hakasiriki akiulizwa hivyo. Anauonyesha.

Baada ya mizani linakuja daftari. Hapa ndipo vyama vingi hulala. Kuandika wanaandika, lakini daftari likijaa linatupwa kabatini na kuliwa na mchwa. Data isiyosomwa ni sawa na shamba lililolimwa likaachwa bila mbegu.

Tuchukue mfano wa chama cha kubuni. Katika daftari lao wanaandika kila mwezi bei ya mahindi sokoni. Mwezi wa Julai, watu wote wakiwa wanavuna, kilo ilikuwa shilingi 450. Mwezi wa Januari ikafika 700. Gunia la kilo 100 lingepata shilingi 25,000 zaidi kwa kungoja. Wajumbe wakashangilia. Wakasema mwaka huu hatuuzi kitu mpaka Januari.

Ngoja kwanza. Kungoja nako kuna gharama. Tuseme ghala, mfuko na dawa ni shilingi 6,000 kwa gunia. Tuseme wadudu wamekula kilo 5. Kwa bei ya Januari hizo ni shilingi 3,500. Sasa faida ya kungoja ni shilingi 15,500, siyo 25,000. Na kama dumuzi ameingia, yule ambaye wakulima wamembatiza Scania kwa ulaji wake, hasara itakuwa kubwa kuliko hiyo. Ndiyo maana daftari liwe na sehemu ya hasara pia. Viongozi wengi hawapendi kuandika hasara, lakini bila hiyo hesabu yote ni ya uongo.

Tena bei ya mwaka jana haiahidi bei ya mwaka huu. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Katika mikoa yenye ziada kama Rukwa bei ikaanguka, na waliokuwa wamengoja wakaumia. Kwa maoni yetu, chama kisiweke mahindi yote upande mmoja. Kiuze sehemu wakati wa mavuno ili watu walipe ada na madeni. Kihifadhi sehemu. Kiasi gani? Daftari la miaka mitatu au minne litawasaidia kuamua vizuri kuliko maneno ya kilabuni.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Atakuja kijana kutoka mjini na mashine nzuri na maneno matamu. Atasema programu yake itaandika kila kitu. Msimkatae, lakini msimkubalie siku hiyo hiyo. Mwulizeni: kifaa hiki kinaondoa shida yetu ipi? Umeme ukikatika, au mtandao ukipotea siku tatu, tutapokeaje mazao? Kikiharibika, fundi yuko Sumbawanga au Dar es Salaam? Kuna malipo ya kila mwaka? Na swali ambalo hatujasikia likiulizwa na vyama vingi: tukiachana nawe, kumbukumbu zetu tutazichukua zote? Kama hajibu, mwacheni aende. Na hata mkinunua, msimu wa kwanza andikeni kote kuwili, kwenye kompyuta na kwenye daftari, mlinganishe kila juma.

Majina na namba za simu za wanachama si mali ya katibu. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na utekelezaji wake ulianza mwaka 2023. Kiongozi haruhusiwi kumpa mfanyabiashara orodha ya wanachama kama anavyomgawia ugoro. Orodha hiyo ikifika kwa matapeli, simu zitaanza kulia.

Jambo hili linatuuma sisi wa Rukwa kuliko wengine. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, za mwaka 2024 ziliutaja mkoa wetu miongoni mwa ile inayoongoza kwa namba za simu zilizotumika katika ulaghai. Ni aibu, lakini tuiseme. Tapeli hahitaji bunduki. Anahitaji jina lako, namba yako, na habari kwamba umelipwa mahindi juzi. Habari hizo zote zimo katika daftari la chama.

Basi daftari lifungiwe. Namba ya siri ya simu ya chama isiandikwe nyuma ya simu. Tumeona zilizoandikwa! Malipo ya chama yakubaliwe na watu wawili au zaidi, kamwe si mmoja. Ujumbe ukija kusema "ile hela tuma kwenye namba hii", usitume. Upeleke ujumbe huo namba 15040, ambayo ni ya kuripoti matapeli, wala hulipi kitu. Tena piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta laini usiyoijua, nenda kwa wakala wa kampuni ya simu ukaifunge.

ZOEZI LA JUMA HILI

Katika mkutano ujao wa chama, omba daftari la mapokezi ya mazao lisomwe mbele ya wanachama. Tafuta jina lako. Linganisha kilo zilizoandikwa na kilo zilizo kwenye stakabadhi yako uliyopewa siku ya kupima. Kama hukupewa stakabadhi, uliza sababu, na uombe jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kisha fanya hesabu hii na wenzako darasani: mkulima amepeleka magunia 18, kila moja kilo 115, akalipwa kama kilo 100. Bei ni shilingi 520 kwa kilo. Amepunjwa shilingi ngapi?