Kabla ya Kununua Chupa ya Kuongeza Damu

Mtu akilalamika kizunguzungu, moyo kwenda mbio akipanda ngazi na viganja kupauka, jibu la mtaani huwa moja: huna damu, tafuta kitu cha kuongeza damu. Hapo hapo anatajiwa juisi ya rozela, bitiruti iliyosagwa na maziwa, soda nyekundu, unga wa mlonge, au ile chupa ya sharubati inayonadiwa stendi kwa kipaza sauti. Wanaomshauri wanamtakia mema. Lakini wote wameruka hatua ya kwanza, ambayo ni kupima.

Kupungukiwa damu ni jambo la kawaida mno kwetu. Tanzania, zaidi ya wanawake 4 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa wana tatizo hilo. Hata hivyo si kila damu iliyopungua imepunguzwa na chakula. Malaria huvunja chembe nyekundu. Minyoo ya safura hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo kwa miezi. Wapo wenye hedhi nzito, wapo wenye vidonda vya tumbo vinavyovuja bila wao kujua, na wapo wenye selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi duniani walio nao. Mgonjwa wa selimundu aliyetundikiwa damu mara nyingi huenda tayari ana chuma cha kupindukia, na chuma kikizidi hulundikana kwenye ini na moyo. Ukimnywesha sharubati ya chuma kwa sababu tu amepauka, unamwongezea mzigo.

Kipimo cha wingi wa damu, ambacho wengi tunakiita HB, kinahitaji tone la damu la kidole na kinapatikana hata kwenye zahanati. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, damu yake imepungua. Kwa mjamzito mpaka ni 11, kwa mwanamume 13. Ukishaijua namba yako, uliza sababu yake.

Rangi nyekundu ya kinywaji haigeuki kuwa damu. Mwili hutengeneza damu kwa madini ya chuma, foliki asidi, vitamini B12 na protini, navyo vimo katika vyakula tunavyopishana navyo sokoni kila siku. Nyama, maini, kuku, samaki na dagaa vina chuma ambacho mwili hukifyonza kwa urahisi. Maharage, choroko, kunde, dengu, mchicha, matembele na ulezi navyo vina chuma, ila hiki ni kigumu kufyonzwa na kinahitaji msaada.

Tazama sahani ya mama ntilie: ugali, maharage, mchicha, pembeni chai ya rangi. Kwa macho sahani hiyo imekamilika, lakini sehemu kubwa ya chuma kilichomo itapita tu. Sasa kamulia ndimu juu ya mchicha, au kula chungwa, pera au kipande cha papai mara baada ya mlo. Vitamini C iliyomo hukibadilisha chuma cha mboga kikafyonzeka. Ongeza vijiko viwili vitatu vya dagaa, kwa kuwa chakula cha nyama au samaki, hata kikiwa kidogo, huvuta na chuma cha maharage. Chai isogeze. Majani ya chai na kahawa yana kemikali zinazokishika chuma, na kikombe kikinywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzwaji wake kwa zaidi ya nusu. Maziwa nayo yana kalisi inayogombania njia na chuma, kwa hiyo chai ya maziwa nayo haiponi hapo. Hakuna anayekwambia uache chai. Inywe saa moja au mbili baada ya kula, saa kumi jioni kwa mfano, na utakuwa umepata faida bila kutoa hata shilingi.

Jikoni kuna mambo mengine mawili. Maharage yaloweke usiku kucha na maji yake uyamwage, maana kulowekwa hupunguza vile vinavyokibana chuma kwenye punje. Mchicha usiuchemshe ukamwaga maji, kwa kuwa foliki asidi na vitamini C huondoka nayo. Upike kwa muda mfupi, kwa maji yake yenyewe. Na ukinunua unga wa pakiti, tafuta uliotiwa virutubisho. Tanzania ilianza kuwataka wenye viwanda vikubwa kufanya hivyo mwaka 2011, na Kenya ikafuata 2012.

Kina mama wajawazito, tuzungumze kuhusu udongo. Vile vijiti vinavyopangwa kwa mafungu sokoni, ambavyo wengi huviita pemba, hukishika chuma tumboni kisifyonzwe, na huweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi. Hamu ya udongo yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua. Usione haya. Mwambie muuguzi kliniki, kwa sababu ni taarifa anayoihitaji. Maini nayo ni mazuri, lakini si ya kila siku kwa mjamzito: gramu 100 za maini ya ng'ombe zinaweza kupita kikomo cha vitamini A anachotakiwa kupata kwa siku nzima, na vitamini A ikizidi sana huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo asinunue vidonge vya vitamini A kwa uamuzi wake.

Chakula peke yake mara nyingi hakitoshi wakati wa ujauzito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito ameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki asidi, na ndiyo kazi ya vile vidonge vya kliniki tunavyoviita fefo. Wengi huviweka kabatini wakishaona choo kimekuwa cheusi. Choo cheusi ni cha kawaida kwa anayemeza chuma. Kichefuchefu na kufunga choo navyo hutokea, na dawa yake ni kumeza usiku kabla ya kulala, au pamoja na chakula kidogo, na kunywa maji ya kutosha, badala ya kuacha. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, kamwe si kwa chai.

Foliki asidi ya duka la dawa mara nyingi ni ya miligramu 5, ambayo ni zaidi ya mara kumi ya zile mikrogramu 400. Kiasi hicho hudhoofisha SP, dawa anayopewa mjamzito kumkinga na malaria. Usijiongezee. Kama daktari ndiye aliyekuandikia, mkumbushe kwamba unapewa SP.

Chuma hugombana na dawa nyingine pia. Dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge cha TLD wanachotumia watu wengi wanaoishi na VVU Tanzania, Kenya na Uganda, hushikwa na chuma, kalisi na zinki tumboni na kupungua nguvu. Anayehitaji virutubisho hivyo ameze TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Chuma au kalisi anaweza pia kumeza pamoja na TLD, mradi iwe wakati wa chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini zisimezwe nayo pamoja hata kwa chakula. Doksisaiklini na siprofloksasini nazo hudhoofishwa na chuma. Kwa hiyo ukiwa kliniki ya VVU (CTC) au duka la dawa, taja kila unachomeza, hata unga wa mlonge, hata chupa ya stendi.

Na chupa yenyewe, isome. Iwe imeandikwa kiasi cha chuma kwa kila kijiko au kidonge, jina na mahali pa aliyeitengeneza, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Miligramu 200 za ferasi salfeti ni takribani 65 za chuma halisi, kwa hiyo usidanganyike na namba kubwa, wala usijumlishe bidhaa mbili bila kujua. Chupa inayodai kuongeza damu, kushusha sukari, kusafisha figo na kurudisha nguvu za kiume kwa pamoja, iache hapo hapo. Zaidi ya hiyo ninaziogopa zile zinazouzwa kama vitamini za kunenepesha au kumpa mtoto hamu ya kula. Baadhi yake zina siproheptadini, dawa ya mzio inayosinzisha, au deksamethasoni, ambayo ikitumika kwa muda bila daktari hupandisha sukari na presha na kushusha kinga.

Ukishaanza vidonge kwa ushauri wa mtoa huduma, rudi kupima baada ya wiki nne. Kwa kawaida HB inapaswa kuwa imepanda kwa gramu moja au zaidi. Isipopanda, tatizo liko kwingine na litafutwe. Ikishafika sawa, endelea kwa miezi mitatu hivi ili akiba ya mwili ijae.

Vidonge vyako viweke juu, mahali pa kufungwa. Vingi hupakwa sukari na kung'aa kama peremende, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Akivimeza huanza kutapika na kuharisha, pengine damu, kisha anaweza kutulia kwa saa kadhaa ukadhani amepona kabla hali haijageuka ghafla. Usisubiri atulie, wala usimnyweshe maziwa ukangoja. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na chupa uende nayo.