Sindano ya Surua na Mtoto Anayechelewa Kusema

Kuna ulizo ambalo mama wengi wanauliza kwa sauti ndogo, wakimshika mtoto mbele ya meza ya chanjo: "Watu wanasema sindano hii inaharibu akili ya mtoto. Ni kweli?" Ulizo hili si baya. Mzazi mwenye kuuliza ni mzazi mwenye kupenda. Basi, tujifunze pamoja.

1. Otizimu ni nini?

Kuna watoto ambao akili yao inakua kwa njia nyingine. Pengine mtoto haitiki akiitwa jina lake, hatazami uso wa mama yake, anachelewa kusema, ao anarudia tendo moja siku nzima. Waganga wa hospitali wanaita hali hii otizimu. Haitoki kwa malezi mabaya, wala kwa ulozi. Mara nyingi inaanza mbele ya kuzaliwa, wakati ubongo wa mtoto unapojengwa.

2. Neno hili lilitoka wapi?

Katika mwaka 1998 munganga mmoja huko Uingereza, Andrew Wakefield, pamoja na wenzake, waliandika habari za watoto 12 tu katika gazeti la waganga, The Lancet. Alisema kwamba labda sindano ya surua, matubwitubwi na rubela inafungana na otizimu. Hofu ikaenea. Wazazi wengi wakakataa sindano, na mwaka 2008 surua ikapata watu zaidi ya 1,000 katika Uingereza na Wales.

Kisha mambo yakachunguzwa. Ilionekana kwamba alikuwa amepokea fedha kwa njia ya mwanasheria aliyetaka kushitaki watengenezaji wa sindano, wala hakusema wazi. Mwaka 2010 gazeti lile likafuta maandiko yake, naye akaondolewa katika orodha ya waganga. Maneno yalifutwa katika gazeti, lakini hayakufutwa katika vinywa vya watu.

3. Wengine waliona nini?

Waganga wa Denmark walifuata habari za watoto 657,461, waliochanjwa na wasiochanjwa. Mwaka 2019 walitangaza matokeo: otizimu haikuzidi kwa wale waliochanjwa.

Lakini mama mmoja atasema: "Mtoto wangu alichanjwa, kisha akaacha kusema." Tunamsadiki, aliona kweli. Lakini angalieni: dalili za otizimu mara nyingi zinaonekana wazi katika mwaka wa pili, wakati ule ule mtoto anapotoka kumaliza sindano zake nyingi. Jogoo anawika, kisha jua linatoka. Lakini si jogoo anayeleta jua.

4. Sindano inaweza kuleta nini?

Hatutaki kuwaficha neno. Mahali pa sindano panaweza kuuma. Homa na vipele vidogo vinaweza kuja, zaidi kati ya siku ya 7 na ya 12, kisha vinakwisha. Mara chache homa inaleta degedege. Mara chache sana, karibu mtoto mmoja katika milioni, mwili unakataa dawa kwa nguvu: uso unavimba, pumzi inakuwa ngumu. Ndiyo sababu muuguzi anawaomba mkae kidogo mbele ya kurudi nyumbani. Msiondoke mbio. Tena, kama mtoto ana ugonjwa mkubwa unaopunguza nguvu za mwili, mwambie muuguzi mbele ya kupokea sindano.

5. Na surua yenyewe?

Sisi wa Kongo tunaijua. Toka mwanzo wa mwaka 2019 mpaka Januari 2020, watu zaidi ya 6,000 walikufa kwa surua katika inchi yetu, na wengi wao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Wengine walipona, lakini surua inaweza kuacha upofu ao uziwi. Basi, weka katika mizani: upande mmoja homa ya siku chache, upande mwingine kaburi dogo.

6. Tufanye nini?

Mtoto akitimiza miezi 9, mlete na kadi yake. Rudi tena siku muuguzi anayoiandika, maana sindano moja haitoshi kwa kila mtoto.

Na kama mtoto wako haitiki ao hasemi kama wenzake, mlete vilevile. Usimfiche nyumbani. Usikubali mtu amwite mlozi. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inakataza jambo hilo. Ongea naye kila siku kwa maneno machache, mwonyeshe kitu unachokitaja, ngojea kwa uvumilivu. Mtoto huyu anaweza kujifunza. Wewe mama, usijihukumu: si wewe uliyemdhuru ulipomleta kwa chanjo. Ulimlinda.

Maulizo

1. Kwa nini watu wengi wanafikiri sindano inaleta otizimu?
2. Taja mambo mawili ambayo sindano inaweza kuleta kweli.
3. Utamwambia nini jirani anayeogopa kuleta mtoto wake?