Mche wa Mkorosho Huanzia kwenye Beseni

Wengi wanaoshindwa kuotesha mikorosho nyumbani hulaumu udongo au maji, kumbe kosa lilifanyika walipochota mbegu kwenye gunia lolote lililokuwa karibu.

Anza na mti mama. Msimu wa mavuno, ambao kusini mwa Tanzania hushamiri kati ya Oktoba na Desemba, tafuta mkorosho uliozaa vizuri miaka kadhaa mfululizo na usioelemewa na ugonjwa wa ubwiriunga. Okota korosho zilizodondoka zenyewe, zing'oe kwenye mabibo, uzianike juani siku mbili tatu. Tumia za msimu huohuo. Korosho iliyolala stoo mwaka mzima yaweza kufaa kukaangwa, lakini kuota kwake ni bahati nasibu.

Sasa zimwage kwenye beseni la maji. Zinazoelea zitoe, maana kokwa zake hazikujaa. Ukubwa usikudanganye: kubwa inayoelea haina kitu, ya wastani iliyozama ndiyo mbegu. Zilizozama ziloweke siku moja hadi mbili, ukibadilisha maji. Wako wanaopasua ganda ati kuisaidia mbegu. Waache, mafuta ya ganda lile huunguza ngozi, na mbegu haihitaji msaada huo.

Viriba viwe na kina cha sentimeta 25 au zaidi, vitobolewe chini. Mkorosho hukimbilia kushusha mzizi mkuu, na kwenye kikopo kifupi mzizi huo hujikunja, kasoro isiyorekebishika shambani. Changanya madebe matatu ya udongo wa juu, moja la samadi iliyooza vizuri na moja la mchanga.

Shika korosho uitazame: kwenye ncha nene kuna kovu dogo, pale iliposhikana na bibo. Ncha hiyo ielekee juu, korosho ikae mshazari, ifunikwe kwa udongo wa sentimeta mbili au tatu. Ukiigeuza, mche hutoka umepinda, pengine mzizi ukachungulia nje.

Mwagilia asubuhi, udongo uwe na unyevu bila kutuama maji. Kuota huchukua kama wiki mbili hadi nne. Zile pande mbili nene za kokwa hupanda juu ya udongo, na hapo panya na kuku huzipenda kweli. Zungushia matawi ya miiba au wavu. Kivuli cha makuti kiwe chepesi, ukipunguze kidogokidogo ili mche uzoee jua.

Jambo moja ulijue mapema: maua ya mkorosho hupokea chavua ya miti mingine, kwa hiyo mche wa mbegu si lazima ufanane na mama. Ukihitaji aina iliyothibitishwa na kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, Mtwara, mche wako utatumika kama shina la kubebeshea kikonyo cha aina hiyo.

Usiobebeshwa uhamishe ukiwa na miezi miwili hivi, mvua zikiwa zimeshika. Chimba mashimo ya sentimeta 60 kila upande, yaachane mita 12. Ekari moja hubeba miche 28 hivi. Chana kiriba ubavuni kwa wembe wala usivute shina, kwani donge la udongo likivunjika, mzizi mkuu huweza kukatika nalo. Nailoni yenyewe usiifukie shimoni.