SOMO LETU: PLASTIKI, MPIRA NA MAFUTA YA KARAFUU

Ndugu Wanachama,

Nilipokwenda Ilomba, katika jiji la Mbeya, kumzuru shemeji yangu, niliwakuta mafundi wawili wameketi jirani. Mmoja aliziba ndoo ya plastiki iliyopasuka kwa chuma cha moto. Plastiki ikayeyuka, ikashikana. Wa pili alikata katambuga kwa kisu kutoka tairi kuukuu. Nikamwuliza, "Fundi, mbona wewe huyeyushi kama mwenzako?" Akacheka. "Tairi haliyeyuki, kaka. Huungua tu."

Basi hapo pana somo.

Plastiki na mpira vyote ni nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho. Katika ndoo, nyuzi zimelala pamoja bila kufungwa. Zikipata moto huteleza, zikipoa hutulia. Katika tairi zimefungwa kwa salfa, kazi aliyoivumbua Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839. Ni kama wavu: huvutika na kurudi, lakini mafundo yake hayafunguki tena.

Siku hizi iko aina ya tatu: mpira unaoyeyuka, uitwao elastoma ya thermoplastiki. Mmoja wapo ni wa akriliki, na kampuni ya Kuraray ya Japani huuza. Kila uzi una ncha mbili ngumu za metakrilati ya methili, ndiyo ile ya kioo cha Plexiglas alichokitoa sokoni Otto Röhm wa Ujerumani mwaka 1933. Katikati ni laini, akrilati ya butili. Kiwandani uzi hujengwa kwa zamu, ncha, katikati, kisha ncha ya pili, pasipo unyevu. Ncha ngumu hukusanyana zikawa mafundo, lakini mafundo hayo ni kama ya nta: joto likipita digrii 100 hivi hulegea, likishuka hushika. Kwa hiyo chakavu chake huweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya.

Je, kuchanganya? Plastiki nyingi hazipatani, kama maji na mafuta. Akriliki hii ngumu hupatana na PVC ya mabomba. Kwa hiyo viwanda hutia ndani ya PVC punje laini za akriliki zilizovikwa gamba gumu, ili isipasuke ikigongwa.

Sisi wakulima yatuhusu nini? Mafuta ya karafuu, sehemu kubwa ni yujinoli, nayo huingia katika plastiki nyingi na mipira ikavilainisha. Mimi mwenyewe niliweka mafuta katika kikopo cha plastiki ngumu. Baada ya siku chache kitako kikanata, mafuta yakavuja, na yaliyobaki yakanuka plastiki. Tena yujinoli huzuia akriliki isigande. Madaktari wa meno walijua zamani: dawa ya jino yenye mafuta ya karafuu ikitangulia, resini inayowekwa juu yake haishiki vyema.

Basi yatupasa:

1. Kutia mafuta katika chupa safi ya kioo cheusi, na mpira wa kifuniko usiguse mafuta.
2. Kujaribu chombo kigeni kwa tone moja, siku nzima. Kikinata, kiache. Kisiponata, bado usikiamini kwa mwaka.
3. Kutoziba chombo cha mafuta kwa gundi ya akriliki.

Swali la mkutano ujao: kwa nini ndoo ya Ilomba iliungika, na tairi likakatwa kwa kisu? Atakayeeleza vyema, amefahamu somo.

Wenu katika kazi,
Katibu